Neno la Mwenzako Halijibiwi

Papa Adalbert, kama walivyomwita yule mzee katekista, alipotuma salamu kwamba Ijumaa atakuja mwenyewe kuisikiliza ile sala ya kimya, Apolline aliutupa ungo wa maharage chini. Punje zilitawanyika juu ya mawe meusi ya volkano, zikaingia kwenye nyufa, na dada yake Micheline akapiga magoti kuziokota bila kusema kitu. Mtu aliyefiwa huachiwa mengi. Lakini hata Micheline alikuwa na mwisho wake.

"Ungo ile imekukosea nini?" aliuliza akiwa chini vilevile.

"Anakuja kuifunga," Apolline alisema. "Ule muzee anakuja kutufungia sala. Kila kitu yangu ilishabebwa, sasa na hii pia anaitaka!"

Hakuwa anatia chumvi. Apolline alikuwa Mnande wa Butembo kwa kuzaliwa, akaolewa Rutshuru, akafiwa na mume mapema, akageuka mfanyabiashara wa maharage ambaye wanaume wenye magunia walimwogopa kwenye mizani. Vita vilipopanda tena Rutshuru mwaka ule, watu wenye bunduki waliingia uani kwake mchana kweupe, wakamvuta mwanawe Lévi kutoka chini ya kitanda, wakampiga risasi mlangoni. Hakumzika. Alikimbia na kitenge alichovaa, akapita Kibati katikati ya umati uliobeba magodoro kichwani, akafika Ndosho, mtaa wa magharibi wa Goma, kwa dada yake, mikono mitupu.

Na tangu alipofika, kila mtu alikuwa na la kumwambia. Huyu alisema Mungu huchuma ua lililo zuri. Yule alisema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Mwingine, tena huyu alikuwa na watoto wake wote wazima nyumbani, alisema Lévi sasa ni malaika. Apolline aliwatazama midomo yao ikienda, akatamani kuwapiga konde. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini ungedhani Ndosho nzima ilimzaa Lévi.

Mahali pamoja tu hawakumwambia kitu. Kila Ijumaa alasiri shirika lao, yaani zile familia za Kikatoliki za mtaa mmoja zinazosali pamoja, lilikutana katika karakana ya Édouard, mume wa Micheline. Édouard alikuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na watu walikaa juu ya magogo na magurudumu aliyokuwa hajayamaliza, miguu ndani ya takataka za randa. Mtawa mmoja wa parokia, Masera Julienne, ndiye aliyewaletea namna ile ya kusali. Andiko linasomwa polepole, kisha linasomwa tena, polepole zaidi. Halafu kimya. Kila mtu anangoja neno moja limkamate, dogo tu, hata nusu ya mstari. Zamu yake ikifika analitamka, analirudia, anakaa nalo. Mahubiri hakuna, maelezo hakuna. Na kabla ya kufungua Biblia, Masera alikumbusha kanuni ileile kila juma: neno la mwenzako halijibiwi. Usimsahihishe, usimfariji, usimfundishe. Lipokee, unyamaze.

Ijumaa yake ya kwanza, walisoma habari ya Yesu msalabani. Apolline alisema, "Mbona umeniacha," akairudia, kisha akangoja maua na malaika. Hayakuja. Watu walinyamaza, wengine wakitazama mikono yao. Alilia siku ile, machozi ya kwanza tangu Rutshuru, na hakuna aliyemwambia nyamaza wala lia. Tangu hapo alivumilia siku nyingine zote kwa sababu Ijumaa ilikuwepo.

Sasa Adalbert. Alikuwa katekista wa mtaa, mzee mrefu mwenye kofia ya kitambaa, amefundisha maswali na majibu kwa watoto wa Ndosho mpaka wengine wamekuwa bibi na babu. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi kumchukia. Mwaka wa tisini na nne, wakimbizi walipoijaza Goma na kipindupindu kikawafuata, Adalbert alizika watu kwa mikono yake, akiwemo mke wake Nsimire. Jioni ileile alisimama mbele ya waombolezaji akawaeleza mpango wa Mungu, kifungu kwa kifungu, sauti haitetemeki. Watu walimsifu kwa imani yake. Hakuna aliyemwona akimlilia Nsimire, si siku ile wala baadaye, na hakuna aliyemsikia akilitaja tena jina lake.

Kwa mtu wa namna hiyo, sala ya Masera ilikuwa kichaa. Andiko lina maana, na maana ina mwalimu wake. Alikwenda kwa padri kushtaki kwamba Wakristo wa Ndosho wanafundishwa kukaa bubu wakingoja sauti, na mtu akiacha mlango wa akili wazi hajui ni nani atakayeingia. Padri alikuwa na wakimbizi waliolala mpaka kwenye ngazi za altare, hakuwa na nafasi ya ugomvi wa watu wazima. Alimjibu kwa kifupi: nenda ukasikilize wewe mwenyewe, ukiona ni mbaya, uifunge.

Kulikuwa na jambo jingine lililomchoma Apolline, na hilo hakumwambia hata Micheline. Juma lililopita alikuja mwanamke mgeni katika shirika, Nyiransabimana, mkimbizi wa vijiji vya juu ya Rutshuru, mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alipolia, mama yake alimbembeleza kwa Kinyarwanda. Lugha ile Apolline aliijua maisha yake yote. Alipatana bei kwayo, alichekea utani wake sokoni. Lakini watu walioingia uani kwake walikuwa wanaisema, na tangu siku ile ilikuwa imemharibikia masikioni. Alijua vizuri kwamba lugha haishiki bunduki. Alijua, na kujua hakukumsaidia kitu.

Ijumaa ilifika. Adalbert alikataa gogo, akaketi kwenye kiti alichokuja nacho. Masera Julienne, mwanamke mdogo wa umbo, viatu vyake vimeliwa na mawe ya barabara, alisema leo ni zaburi ya wale waliokaa kando ya mito ya Babeli.

"Wakimbizi sawa siye," alisema.

"Na mistari ya mwisho?" Adalbert aliuliza.

"Tutaisoma yote."

"Masera, hata kwenye kitabu yenu ya sala, nyinyi watawa, mistari ile ilitolewa. Na wenye kuitoa hawakukuwa wajinga."

"Ilitolewa juu inatisha. Hawa batu bameshaona ya kutisha kuipita. Mungu hashtukake, Papa Adalbert."

"Mungu hashtukake, ndiyo. Miye naogopa batu." Adalbert aliinama mbele. "Andiko haiko muwa, kila mutu akate kipande yake akatafune pembeni. Kuna mwenye itamukaba. Na kuna mwenye atashika ule muwa apige nao mwenzake. Utasema nini siku ile?"

"Nitasema alipiga mbele ya Mungu, haikukuwa kwa kujificha."

"Hiyo ni maneno ya mutu mwenye hajapigwa."

Masera alikunja midomo, akampa Édouard Biblia. Édouard alisoma vizuri, sauti nzito, bila haraka: mito ile, kilio kile, vinubi vilivyotundikwa kwenye miti, watekaji waliodai kuimbiwa. Kisha mwisho, pale mwimbaji anapomgeukia binti wa Babeli na kumwita heri mtu atakayewashika watoto wake wachanga na kuwaponda juu ya mwamba. Akasoma tena. Halafu kimya kikaingia, isipokuwa pikipiki za barabarani na nyundo ya jirani.

"Tulikaa tukalia," alisema Micheline zamu yake ilipofika. Akairudia.

"Vinubi kwenye miti," alisema Édouard.

Zamu ikawa ya Apolline. Neno lake alikuwa nalo tayari, limesimama kooni tangu Édouard alipolitamka. Hakutazama Biblia. Alitazama upande wa pili wa karakana, pale mtoto wa Nyiransabimana alipolala mgongoni mwa mama yake, mdomo wazi, jasho puani.

"Heri atakayewaponda watoto wako juu ya mwamba," alisema. Akamkazia macho yule mtoto, akairudia, polepole, kama alivyofundishwa.

Goma mtu haulizi mwamba gani. Ulikuwa chini ya miguu yao.

Na ukweli usemwe: ilikuwa tamu. Kwa muda mfupi Apolline alihisi amepumua mpaka chini ya tumbo, na Mungu mwenyewe ndiye aliyemwekea maneno mdomoni, yameandikwa, nani atamlaumu. Kisha Adalbert akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Munaona? Munaona sasa?"

"Papa Adalbert." Masera aliinua mkono. "Neno haijibiwake."

"Hata hii?"

"Hata hii."

"Bon. Nimesikia yenye nilikuja kusikia."

Apolline akaelewa alichokifanya. Mzee alikuja kutafuta sababu, na yeye ndiye aliyemkabidhi, tena imekunjwa vizuri. Lakini hakupata nafasi ya kujilaani, maana upande wa pili Nyiransabimana alikuwa amefungua kitenge, amemtoa mtoto mgongoni na kumficha kichwa kifuani. Wote walidhani atatoka. Hakutoka. Zamu ilikuwa yake.

"Juu ya mwamba," alisema.

Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu. Alirudia, "Juu ya mwamba." Kisha akamtazama Apolline usoni, bila kupepesa.

"Mutoto yangu ya kwanza, Sibomana. Juu ya mwamba. Bale batu balikuwa banasema Kinande."

Akafunga mdomo.

Kinande. Lugha aliyomwimbia Lévi akiwa mchanga, lugha aliyomgombezea alipochelewa kurudi nyumbani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na Apolline aliuhisi ukiingia mpaka mpini. Alitaka kupiga kelele. Si mimi! Si watu wetu wote! Lugha haishiki bunduki! Kila alichotaka kusema kilikuwa kile alichokuwa amekataa kujiambia mwenyewe juma zima. Na hata angekuwa na zuri zaidi, asingeweza kulisema. Neno la mwenzako halijibiwi. Kanuni iliyomfichia kilio chake sasa ilimfungia ndani na cha mwingine, na akaichukia, akamchukia Masera aliyeileta, akamkasirikia Mungu aliyeacha mstari kama ule ulale katikati ya kitabu chake ukimngoja mtu.

Sala iliisha. Nyiransabimana aliondoka bila kumpa mtu mkono. Adalbert aliokota kiti chake, akasema kwamba Ijumaa ijayo atakuja kutangaza, na kila mtu alijua atatangaza nini.

Masera alibaki amekaa juu ya gurudumu la chukudu, anafuta macho kwa mkono wa nguo yake.

"Pengine ule muzee alikuwa na haki," alisema.

"Usilie weye!" Apolline alimfokea. "Nani alikuambia ulie? Miye ndiye nilisema. Na ulisema mutu aseme yenye imemukamata. Imenikamata! Iko mu Biblia, haikutoka kwangu!"

"Juu ya nini ulimwangalia ule mutoto?"

Apolline alitweta. "Sasa unanijibu?"

"Sala ilishaisha. Sasa nakujibu." Masera alisimama, na ingawa alimfika Apolline kifuani tu, hakurudi nyuma. "Neno ilikuwa ya Biblia, mama. Macho ilikuwa yako."

Hakuna aliyewahi kumtukana Apolline hivyo, hata sokoni. Alitoka karakanani akipiga milango, na karakana haikuwa hata na milango mingi. Usiku aligeuka na kugeuka kwenye mkeka. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo alilijua, lakini mtu wa biashara hawezi kulala huku mzani umeinama upande wake.

Asubuhi alijaza maharage kwenye kapu, akauliza njia, akaenda mpaka kwenye kibanda cha mbao alimolala Nyiransabimana kwa ndugu zake. Mwanamke yule alikuwa anafua nje, mtoto amekaa kwenye beseni tupu karibu yake. Alipomwona Apolline hakungoja salamu. Alimnyakua mtoto, akaingia ndani, akavuta mlango.

"Hodi," Apolline alisema. "Mama, miye sikukuja na ubaya."

"Umekuja kusema nini?" Sauti ilitoka nyuma ya mbao.

Apolline alifungua kinywa. Alisikia yale yote yakimpanda ulimini, tayari tayari, kama walivyoyaleta wengine kwake: kwamba Mungu anajua, kwamba mtoto yule amepumzika, kwamba vita ni vita. Akayameza.

"Sijui," alisema.

"Basi nenda nayo. Neno haijibiwake. Ndiyo sheria yenu."

Aliliacha kapu mlangoni. Alipofika mwisho wa njia aligeuka, akaona mkono umetoka ukalisukuma kapu mbali na kizingiti. Alirudi nyumbani akitukana njia nzima, na ukimuuliza alikuwa anamtukana nani, asingejua pa kuanzia.

Ijumaa iliyofuata karakana ilijaa kuliko kawaida. Watu hupenda kuona kitu kikifungwa. Adalbert hakuja na kiti. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, akasema yeye si mtu wa fujo, basi wasome kwa mara ya mwisho, kisha atasema alilotumwa. Nyiransabimana alifika wa mwisho. Hakukaa upande wa pili tena, alikaa kwenye gogo la pembeni, karibu na mlango, mtoto amefungwa mgongoni kwa vitenge viwili. Mgongo wake ulielekea ukutani.

Masera alichagua somo fupi, la nabii, juu ya sauti iliyosikika Rama: Raheli anawalilia watoto wake, wala hataki kufarijiwa, kwa sababu hawako tena. Édouard alisoma, akasoma tena.

Kimya kilikuwa kirefu siku ile. Micheline alisema, "Hataki kufarijiwa," akamtazama dada yake kidogo. Édouard alisema, "Hawako." Apolline hakuwa tayari, zamu ikamruka ikafika pembeni.

"Sibomana," alisema Nyiransabimana.

Watu walitazamana. "Sibomana," alirudia.

Adalbert alikohoa. Hakukusudia ubaya, kitu hiki lazima kisemwe. Alifanya alichokifanya maisha yake yote, alipoona mtu amekosea jibu. "Mama," alisema kwa upole, "ile jina haiko mu somo. Somo inasema Raheli. Na Raheli, tukifwata mafundisho, ni mufano wa taifa yenye..."

"Nyamaza!"

Apolline alikuwa amesimama. Hakujua alisimama lini. Takataka za randa zilikuwa zimemganda kwenye kitenge.

"Neno ya mwenzako haijibiwake! Ulisikia mara ngapi? Jina haiko mu somo? Iko! Iko mu somo, Papa Adalbert! Bale batoto ba Raheli, unafikiri habakukuwa na majina? Unafikiri ule mama alikuwa analilia mufano?"

Micheline alimvuta kitenge. Apolline aliupiga mkono ule.

"Mwacheni aseme! Mutoto wake aliitwa Sibomana, na atamwita hapa mpaka koo imukauke, na weye hutamufundisha kitu, na miye sitamufundisha kitu!" Alijipiga kifuani. "Juma ile ingine nilimuponda ule mutoto wake mwingine na macho yangu, mbele yenu wote. Kama ni kunifukuza munifukuze miye. Lakini yeye, musimujibu."

Alikaa. Hasira haikuwa imeisha, ilikuwa imebadilisha kiti tu. Nyiransabimana alimtazama. Halikuwa jicho la kusamehe, wala mtu asimsingizie hilo. Lakini alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na hakumficha mtoto.

Apolline alikumbuka kwamba zamu yake ilikuwa haijapita.

"Lévi," alisema.

Jina lilimtoka kwa shida, kama mfupa. Alilirudia. Hakuna aliyemjibu.

Waliosalia walisema yao, mmoja mmoja, mpaka zamu ikafika mlangoni. Hapo alibaki mtu mmoja tu, amesimama, na tangazo lake mdomoni. Masera Julienne hakumsaidia. Alikaa ameinamisha kichwa, kama ilivyo kanuni.

Adalbert alifungua kinywa. Aligeuza kofia mikononi, akaifikisha kwenye ukingo ulioraruka, akaanza tena upande wa pili. "Padri..." alisema, akaacha. Aliangalia gogo lililokuwa tupu karibu yake, kana kwamba hajui limefikaje pale, kisha akakaa. Midomo yake ilikutana, ikaachana, na mtu mzima yule aliyekuwa na jibu la kila swali tangu kabla Apolline hajazaliwa hakutoa sauti. Wazee wa mtaa waliokuwepo mwaka wa tisini na nne walitazama chini. Walilijua jina la mkewe alilokuwa analitafuta.

Apolline alingoja mpaka akashindwa.

"Sema, Papa Adalbert," alisema, na sauti yake ilikuwa bado ya ugomvi. "Hapa hakuna mwenye atakujibu."